Wachuka na Pampu ya Lita Kumi

Marehemu Wachuka Muiruri alizaliwa tarehe 3 Aprili 1971 hapa Mau Narok, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Muiruri na Mama Tabitha. Shule ya msingi aliisomea hapa hapa, akafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1989, kisha akapata diploma ya uhandisi mjini Nakuru, msichana pekee kati ya wavulana thelathini na mmoja. Walimwita "mathe", yaani mama, kwa kumkejeli. Aliitika, halafu akawapita wote kwenye mtihani.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kiwanda cha zana za kilimo, kilekile kilicholeta leo shada kubwa kuliko yote. Mwaka uliofuata aliolewa na Ndung'u, mwalimu, wakajaliwa binti mmoja, Sue.

Wachuka hakushika penseli kabla ya kumjua atakayekitumia kifaa. Mwaka 2007 alipoambiwa achore pampu ya kunyunyizia viazi dawa, alizunguka mashambani wiki tano akiongea na akina mama kumi na tisa, mama yake akiwemo. Kutokana nao akaunda mtu mmoja kwenye karatasi: Wamaitha, miaka 58, kilo 48, bega bovu, shamba la mteremko. Akaandika siku yake nzima, toka kuchota maji hadi kuosha pampu. Kila palipomshinda Wamaitha, Wachuka aliandika sharti: isizidi lita kumi, ipigwe kwa mkono wowote, kifuniko kisivujishe dawa mgongoni.

Mkurugenzi alisoma, akacheka mbele ya watu. "Wachuka, huyu Wamaitha si umemtunga tu? Nipe namba yake nimpigie."

"Boss, twende Mau Narok nikuonyeshe kumi na tisa."

Hakwenda. Alimbebesha askari wa geti, jamaa wa kilo tisini, pampu ya lita ishirini, akamzungusha uwanja wa lami mara mbili. "Iko sawa," akasema. Ndiyo iliyouzwa. Sisi ndugu zake tulikasirika, na hasira hiyo bado tunayo.

Novemba mwaka huohuo Wachuka alipatikana na saratani ya titi. Januari, barabara zilipofungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, alikosa matibabu ya Nairobi wiki sita. Siku zake za mwisho aliuliza kama kuna mtu kiwandani aliyefungua faili lake la Wamaitha. Tulimdanganya kwamba wanalisoma. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 9 Juni 2008.

Ameacha mume, binti, ndugu wanne na mama. Mama ni huyo aliyeketi mbele, bega limefungwa leso. Machi alinunua pampu ile ya kiwanda, ya lita ishirini, maana madukani hakukuwa na nyingine. Kesho sisi watoto wake tutarudi mjini makazini. Jumatatu viazi vinataka dawa, na ataibeba.

Pumzika kwa amani, dada. Wewe kazi yako uliimaliza.