Mama Hodi na Daftari la Mtambo

Maneno haya ya mazishi yanasomwa na mdogo wa kiume wa marehemu, kitinda mimba, aliyebebwa naye mgongoni kabla hajajua kutembea. Wenye karatasi ya wasifu mkononi wasihangaike kufuatisha. Karatasi zilichapwa Jumanne, na Jumatano kuna barua imefika ambayo inaweza kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, kwa sababu ya marehemu. Familia imekaa, imelia, imebishana, na imeamua lisemwe leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yake, mchomeleaji. Mama yake yupo hapa, kiti cha mbele. Tangu Jumapili anauliza swali moja tu, kwamba imekuwaje kifo kimruke yeye kimchukue mwanawe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, na sekondari hadi 1986. Akiwa darasa la sita alipewa kazi ya kugonga kengele. Saa ya ofisini ikafa, naye hakumwambia mtu. Kwa miezi minane shule nzima iliingia na kutoka kwa kivuli cha mlingoti wa bendera, na siku za mawingu aligonga kwa kusikiliza njaa yake. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya wazazi kwa kuifuatisha saa vizuri. Siku hizo chakula cha mchana kiliwahi kidogo, lakini hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Februari 1987 aliajiriwa kiwanda cha sabuni, akaanza kwa kupanga miche kwenye maboksi. Mwaka 1996 alihamishiwa kwenye mtambo wa kuchanganyia, na 2004 akawa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Kwa wasioujua, mtambo huo ni pipa la chuma refu kuliko mtu, lenye mapanga ndani yanayozunguka. Kila siku sabuni hugandia ukutani, na lazima mtu ashuke na ngazi aikwangue. Kanuni inasema anayeshuka atie sahihi kwenye daftari, na anayewasha alitazame daftari kwanza. Kanuni nzuri kabisa. Ila daftari hufungiwa kabatini ghorofa ya juu, mwenye ufunguo huja saa tatu, na sabuni hukwanguliwa saa moja.

Basi marehemu akatafuta njia yake. Kila mara kabla ya kuwasha alipanda ngazi, akainamia mdomo wa pipa, akagonga chuma mara tatu na kuita, "Hodi." Akiitikiwa, alishuka akangoja. Kukiwa kimya aliita tena, akasikiliza, ndipo akawasha. Wiki ya kwanza wenzake walimcheka. Wiki ya pili wakawa wanaitika kutoka ndani, "Karibu, ila viti hakuna." Jina la Mama Hodi lilianzia hapo, na katika miaka kumi na tisa ya usimamizi wake hakuna aliyepoteza hata ukucha. Uongozi ulitundika cheti cha usalama ukutani, kilichoandikwa kwamba ni tuzo ya kutunza daftari.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 7 Desemba 1991. Mumewe ni fundi cherehani aliyeletwa kiwandani kupima watu ovaroli. Alimpima marehemu mara tatu, na mara ya nne marehemu akamwambia, "Fundi, kama ni kiuno hakijabadilika tangu jana. Kama ni jambo lingine, sema nikuelewe." Fundi akasema. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2019 alifika kiwandani mtafiti wa chuo kikuu, binti mpole aliyekuja kuchunguza jinsi kazi inavyofanywa hasa, siyo inavyoandikwa. Alikaa wiki tatu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza marehemu kwamba wapo wataalamu wanaosema kiwanda hakisimami kwa kanuni zake, bali kwa mambo madogo ambayo watu huyafanya kila siku bila kuagizwa. Marehemu akamuuliza, "Mwanangu, hao wataalamu wamewahi kukwangua sabuni?" Binti akacheka, akaomba aiandike ile hodi kwenye ripoti ili uongozi uijue. Marehemu akakataa katakata. "Ukiiandika, wiki ijayo watatuletea fomu ya hodi, na fomu wataifungia kabatini."

Kisa hicho kilisimuliwa mezani nyumbani mara nyingi, na kila mtu alicheka. Leo hachekeshwi mtu nacho.

Marehemu hakuugua. Hilo ndilo linalotuchanganya mpaka sasa. Jumapili tarehe 10 Septemba 2023, saa nne na robo asubuhi, alikuwa jikoni akimsimulia mumewe habari za jirani, akanyoosha mkono kuchukua sukari kabatini, akasema, "Kichwa hiki nacho," akakaa chini. Mumewe alidhani anatania, maana alizoea kuwaigiza wagonjwa. Alimwambia, "Inuka bwana, chai inapoa." Gari la jirani halikuwahi hata kutoka getini. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa uliopasuka, na kwamba hata angekuwa mlangoni pa hospitali asingepona.

Sasa yale ambayo hayamo kwenye karatasi.

Jumatatu wafanyakazi wote wa mtambo waliomba ruhusa waje msibani. Alibaki mmoja, mkwanguaji ambaye kiwanda kizima humwita Mjomba, akasema amalize ukuta mmoja kisha awafuate. Kutoka idara ya maboksi akaletwa msimamizi wa muda, mtu mwangalifu, ambaye hajawahi kufanya kazi na marehemu. Saa tatu kabati lilipofunguliwa alilitazama daftari, hakuona sahihi ya siku hiyo, akashuka kwenda kuwasha. Alifuata kanuni neno kwa neno. Mjomba anasema alisikia hatua za mtu zikija, akaacha kukwangua, akangoja aitwe.

Hakuitwa.

Mapanga yalizunguka mara moja na nusu kabla msimamizi hajasikia kelele na kuzima. Mkono wa Mjomba umevunjika mahali pawili. Mume wa marehemu alipoambiwa, alitoka nje akasimama uani bila viatu, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumatano Mjomba alipewa barua. Inasema ameshuka bila kutia sahihi, ilhali daftari linaonyesha kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitia sahihi kila siku bila kukosa, hivyo hawezi kudai kuwa hakuijua kanuni, na kazi yake itakoma mwisho wa mwezi. Jioni alikuja nyumbani, mkono umefungwa plasta. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba familia isiseme lolote. "Mimi nitapata kibarua kwingine," alisema. "Msimchafue Mama Hodi naye hajazikwa."

Mume wa marehemu akamuuliza, "Na mkono huo utafanya kibarua gani?"



Ndugu mliokusanyika, na meneja mkuu ambaye tunamshukuru kwa kuja na kwa shada la maua: Mjomba hajawahi kupanda ghorofa ile. Sahihi zote zilizomo kwenye daftari lile, zake na za wakwanguaji wenzake, alizitia marehemu kwa mkono wake mwenyewe, saa nane mchana akitoka zamu, ili wakaguzi wakute kurasa zimejaa na watu wake wasibughudhiwe. Mumewe alijua. Mdogo wake anayesoma hapa alijua pia, na aliona ni ujanja wa kupendeza. Marehemu alikosea. Tulikosea naye. Aliwalinda watu kwa sauti yake, akadhani sauti hiyo itakuwepo siku zote, na hakumwachia mtu yeyote maandishi.

Familia ilibishana hadi jana. Wapo waliosema marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza. Mumewe ndiye aliyekata shauri. Alimwambia shemeji yake huyu anayesoma, "Soma. Akikasirika, atanikasirikia mimi."

Kwa hiyo, meneja, barua yako imeandikwa jina la mtu asiyehusika. Anayestahili kuipokea ndiye tunayemzika sasa hivi.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume ambaye ni fundi cherehani, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mmoja mwalimu wa hesabu, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada wawili na mdogo wake huyu, na wenzake kumi na wanne wa zamu ya asubuhi.

Yeye apumzike kwa amani, na Mjomba arudi kazini.