Maoni ya Watazamaji Juu ya Msichana Aliyetoka Ziwani

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi wa siku ya leo. Mkuu wa Shule, Mwalimu Jacqueline Hyera, mama mwenye sauti ambayo hata injini za mashua hunyamaza ikipita. Mwenyekiti wa Bodi. Baba Paroko, na wewe Kasisi wa Anglikana uliyekaa naye kiti kwa kiti, jambo linalonipa matumaini makubwa ya mbinguni. Walimu, wazazi mlioshuka kutoka Mkumbi na milima yote ile, na sisi wenyeji tuliokuja kwa miguu. Wazee wangu wote, shikamooni. Wahitimu wa kidato cha nne, mnaochemka ndani ya majoho hayo kama mihogo sufuriani, habari zenu nitawauliza mkishavua.

Kwa wasionifahamu, na sidhani kama wapo, mimi ni Kilian Mbunda, mwenye banda la video pale chini karibu na gati. Kwenye ratiba mmeniandika "Mdau wa Filamu". Nashukuru sana. Mke wangu ameiomba karatasi hiyo akaitundike sebuleni, maana miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akiniita kwa jina jingine. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na hilo la saba nalo tulionana kwa mbali tu. Lakini nimetembea. Nimevuka kwa meli hadi Nkhata Bay, nimeishi Beira, nimekula Kariakoo wali wa Wachina kwa vijiti vyao na sikudondosha punje. Nimetafsiri filamu kwa kipaza sauti mbele ya umati, za Kihindi, za Kinaijeria, za Kikorea. Kikorea sikijui. Ila Wakorea wenyewe mpaka leo hawajaleta malalamiko.

Ndugu zangu, leo nimepewa kazi moja tu, nayo ni kutoa taarifa ya maoni ya watazamaji juu ya kionjo cha filamu ya kutisha iliyotengenezwa na klabu ya filamu ya shule hii. Wazee wangu, kionjo, ambacho vijana wanakiita trela, ni kama mama anavyokudondoshea mchuzi kidogo kiganjani, ulambe, useme kama chumvi imekaa. Chungu chenyewe bado kiko jikoni. Na mpishi ni binti yetu Herieth Erasmo, yule pale mstari wa tatu anayejifanya anafunga kamba ya kiatu.

Sasa nisizunguke. Herieth amewaambia wenzake kwamba leo, sherehe ikiisha, ataingia chumba cha kompyuta na kufuta kila kitu, kionjo na picha zote walizorekodi, kisha atoke shuleni mikono mitupu kama alivyoingia. Wenzake wamekuja bandani kwangu wakiwa na nyuso za msibani. "Mjomba Kilian, ongea naye, wewe anakusikiliza." Ni uongo, hakuna mtu anayenisikiliza katika mji huu, ila nilifurahi. Ndiyo maana nimevaa koti.

Filamu yao inaitwa "Hodi Kutoka Ziwani". Msichana wa shule aliyezama anatoka majini, sketi inachuruzika maji, anapanda mchangani na kwenda kwenye nyumba ya kwanza. Anabisha. Ndani kuna mtu anamchungulia kwenye ufa, anazima taa, anasukuma komeo. Mkono unabisha tena. Picha inakuwa nyeusi, yanatokea maandishi: Inakuja. Basi, imeisha, umelamba kiganja.

Je, mnadhani ilikuwa kazi ndogo? Huyo msichana wa majini aliigizwa na Glorious, yule mrefu anayecheka. Ili aonekane mfu walimpaka usoni unga wa muhogo, halafu wakamwingiza ziwani. Akina mama, unga wa muhogo na maji mnajua vinafanya nini. Mara ya kwanza mzimu ulitoka umekuwa ugali, na samaki wadogo wanaufuata nyuma. Ikabidi watumie majivu na mafuta ya kupaka. Na Mzee Erasmo, baba yake Herieth, aliyekataa katakata mambo ya mizimu kwenye ukoo wake, jioni ya kurekodi alionekana amesimama kwenye maji mpaka magotini, ameshika tochi: "Sogea kulia kidogo, wewe mzimu, huonekani." Mzee wangu, usitazame chini. Tulikuona, na tulikupenda.

Basi klabu ikatoka kutafuta maoni. Walianzia Mkumbi, ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa. Mtani wangu Mansuetus, mkulima wa kahawa, yuko pale amevaa shati la bluu, alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. "Watoto wa shule ndio wanitishe mimi?" Glorious alipotoka majini na kuinua uso, Mansuetus alikuwa ameshapita dirishani. Nasema dirishani, na mlango ulikuwa wazi. Mkewe, dada yetu Luisa, alibaki, akanyoosha miguu kwenye nafasi ya mume, akaangalia mpaka mwisho. Alipoombwa maoni alisema, "Rudieni, sasa hivi nimekaa vizuri."

Mansuetus, unaniangalia vibaya. Mtu anayelima ngolo, yale mashimo yenu ya kilimo, kwenye mteremko ambao hata mbuzi anafikiri kwanza kabla ya kupanda, unakimbiaje maji yaliyoko kwenye shuka la kuonyeshea filamu? Lakini nakutania tu, ndugu yangu, na wewe mwaka jana uliniona nikishuka kwenye mnazi nikiwa nalia, hatudaiani. Ukumbi mzima ulipiga kelele siku ile. Herieth alirudi Mbamba Bay amekaa juu ya mabegi kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kisha zikaja karatasi za maoni. Karatasi zote, ndugu zangu, zilisema, "Nzuri sana, hongereni, Mungu awabariki." Na nani angeandika vingine? Sisi ndivyo tulivyo. Mtoto wa mwenzako akikupikia, ukala ukakuta mchanga, unasema kimeiva. Kwa hiyo nikamwambia Herieth, mwanangu, mimi miaka yote hii siangalii filamu, nawaangalia wanaoangalia filamu. Ilete bandani kwangu, pale kinywa hakina adabu.

Wakaileta Jumamosi alasiri. Nilikuwa nimeziba matundu yote kwa mablanketi, giza zuri kabisa. Banda lilijaa: wavuvi, vijana wa gati, akina mama wa sokoni wenye vikapu vyao vya dagaa. Nikashika kipaza sauti, tayari kuwatuliza watakaozimia. Glorious akatoka majini. Kisha nikasikia mama mmoja:

"Jamani, mtoto huyo kalowa."

"Na anatetemeka. Hakuna mwenye khanga hapo?"

Mvuvi mmoja nyuma akasema, "Katokea upande wa Liuli huyo, ona maji yanavyovuta."

"Liuli wapi, wewe? Sketi si ya shule yetu hiyo?"

"Sasa wa nani?"

"Subiri ageuke."

Wakaanza kumtafutia ukoo. Nimeishi Beira, nimeona mambo, lakini mzimu kutafutiwa ukoo sikuwahi kuona. Watu wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Halafu yule wa ndani ya nyumba akazima taa na kusukuma komeo, na kicheko kikakatika palepale. "Fungua mlango wewe!" "Watu wa wapi hawa?" "Anabisha, hamsikii?" Mzee mmoja alirusha kandambili kwenye shuka. Bado iko kwangu, mwenyewe aje aichukue, sitamtaja, ila ni mjumbe wa serikali ya kijiji.

Kisha karatasi zikagawiwa, na wote wakaandika, "Nzuri sana, hongereni."

Herieth nilimkuta nyuma ya banda, amekalia kreti la soda.

"Wamemwonea huruma, Mjomba."

"Nani?"

"Mzimu wangu. Filamu ya kutisha, watu wanaulizana nani ana khanga."

"Mkumbi walikimbia."

"Mkumbi wangekimbia hata ndoo." Samahani watu wa Mkumbi, hayo ni maneno yake, mimi natoa taarifa. "Kwetu ndiko nilikotaka waogope. Nimeshindwa nyumbani kwangu mwenyewe. Naifuta."

Siku ile nilimfungulia soda tu, nikarudi ndani kukunja mablanketi. Nimelifikiria jambo lile tangu hapo, nikitengeneza nyaya, nikila, nikisinzia kanisani, samahani Baba Paroko. Na leo, mbele ya mgeni rasmi, naomba niseme nilichokiona.

Herieth, watu wa milimani wakiona mtu anatoka majini wanakimbia, na wana haki, kwa sababu watu wao huenda shambani na hurudi kutoka shambani. Lakini sisi? Nani kati yetu hapa hajawahi kusimama pale mchangani upepo ukiwa umegeuka, akitazama mashua zinavyorudi na kutafuta ile yake? Ni nyumba gani katika ufukwe huu ambayo haina jina ambalo halitajwi wakati wa kula? Kwetu mtu akitoka ziwani amelowa, hata akiwa amechelewa, hata rangi yake ikiwa haieleweki, hatuanzi kumuuliza kama yu hai. Tunamvika kwanza, tunampa cha moto, maswali baadaye. Wewe ulituletea sisi mtu aliyerudi kutoka ziwani, ukategemea tukimbie. Mwanangu, tungekimbia kwenda wapi? Sisi huyo tunamsubiri.

Na usidhani hatukuogopa. Tuliogopa kuliko Mansuetus. Tulimwogopa yule wa ndani. Mtu wa hapahapa, wa mchanga huu, anayekula dagaa hawahawa, anasikia hodi kutoka ziwani na anazima taa. Huyo alinitisha mimi Kilian, ambaye nimewahi kutafsiri mashetani ya mataifa sita. Nilirudi nyumbani nikaacha mlango wazi mpaka mke wangu akauliza nimekunywa nini. Ulidhani umepika kitu kimoja, kumbe chunguni kuna kingine kikubwa zaidi, na wewe kwa sababu kelele hazikuja pale ulipozitega, unataka kumwaga chungu chote. Ni busara hiyo? Walimu wako wamekufundisha miaka minne, ni hesabu gani hiyo?

Nimalizie na mtazamaji mmoja ambaye hakujaza karatasi. Ni Mama Notburga wa Kihagara. Jumamosi ile alikuwa ameleta dagaa sokoni, akaingia bandani kwangu kukwepa jua wakati anasubiri gari. Filamu si mambo yake. Watu wa Kihagara mnajua habari ya mwanawe Cleopa, kwamba mashua yake ilirudi na Cleopa hakurudi. Mama ameniruhusu kulisema hili hapa. Asingeniruhusu, hata mdomo huu wangu usingethubutu.

Watu walipotoka, yeye alibaki kwenye benchi. Nikamwendea.

"Mama, imeisha."

"Haijaisha. Mtoto yuko mlangoni."

"Ndiyo, Mama. Hiki ni kionjo tu. Filamu kamili bado."

"Inakuja lini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mwenye filamu yuko nyuma ya banda, amekata tamaa, anataka kuifuta. Akafunika kikapu chake, akakaza fundo la khanga, nikajua anaondoka. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za jirani:

"Kwa hiyo yule mtoto abaki pale nje, amelowa hivyohivyo?"

Mheshimiwa Diwani, hayo ndiyo maoni ya watazamaji. Mengine yote niliyosema ni mapambo.

Herieth, banda langu ni lako siku yoyote utakayomaliza, na mablanketi nitayafua. Glorious amesema yuko tayari kuingia majini tena, ila ameomba awe na uji unaomsubiri ufukweni. Mwalimu Jacqueline ameniambia kamera haijafungiwa kabatini. Kama mlango ule utafunguliwa au la, kama aliye ndani ataona aibu au atazidisha komeo, hilo hakuna kati yetu anayeweza kukuamulia, wala mimi, ingawa nina mapendekezo mengi. Sisi tunachoomba ni kwamba usimwache pale.

Mama Notburga ameketi karibu na nguzo ile, mwenye kitambaa cheupe. Hana mhitimu hapa leo. Amepanda gari la asubuhi kutoka Kihagara kwa ajili ya swali lake lile moja, na nimemweleza kwamba mimi si mtu wa kulijibu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi na wahitimu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuniacha niseme mpaka mwisho, heshima ambayo nyumbani kwangu bado naiombea. Mimi nakaa. Kipaza sauti nakiacha mezani kikiwa kimewashwa. Herieth, mwanangu, pita mbele.