Kontra za Kuku za Papa Kambere

Bapadri, bandugu, majirani, na ninyi bote benye muliacha kazi yenu ili mulie pamoja nasi, mimi ni Séphora, mutoto mukubwa wa Papa Kambere Syauswa, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nimewaambia tangu jana kama sitasoma maneno ya sukari tu, kwa sababu huyu mutu alitusumbua.

Alizaliwa Kyondo tarehe 14 mwezi wa tatu 1957, wazazi wake balikuwa balimaji, alimaliza masomo ya musingi palepale, akafika mwaka wa pili wa sekondari, akaacha kwa sababu alikuwa anajaza mapicha mu kila kitabu, hata mu vitabu vya benzake. Mwaka wa 1976 alikuja Butembo, akachora majina ya maduka ku kuta, halafu akaanza kupaka tablo, zile picha za rangi za kutundika, za masoko na za bamama ba mashamba. Tarehe 8 mwezi wa nane 1987 alifunga ndoa ku parokia na Mama Marie-Jeanne, bakapata batoto ine, mimi, Kasonia, Falonne na Grady, na Mama alitutangulia mwaka wa 2014.

Sasa tuje ku kazi, maana shida iko pale. Sisi bote tunajua namna shamba inapewaka kwetu, mutu analima, anakula, anajenga, lakini kila mwaka anapelekea mwenye udongo mbuzi, ili asisahau nani alimukaribisha. Papa akachukua ile desturi, akaitia mu tablo. Kila mutu mwenye kununua alisaini kontra, karatasi ya mapatano, kama kila mwaka mu mwezi wa kumi na mbili Papa atakuja kwake kuangalia tablo, batakula kuku pamoja mbele yake, na kama ataiuzisha kwa mwingine, huyo naye anachukua tablo pamoja na ile kuku. Mimi ni deklarante, napitisha mizigo ya batu ku forodha kule Kasindi, makaratasi ya kununua na kuuzisha ni kazi yangu, nilimwandikia kontra ya kweli mpaka nikachoka, aliisoma vizuri, akasema merci mutoto wangu, halafu akaongeza kuku kule chini na kalamu ya bik.

Banunuzi bengi balikimbia kabla ya kusaini. Mwalimu Roger, mwenye serikali ilituma Oicha kutoka Kasai, yeye alinunua tablo ya soko, na mwaka wa 2021, siku batu balikimbia vita, alifika Butembo na batoto, godoro na ile tablo, akaacha sufuria zote za bibi yake Émérance, eti Papa Kambere atakuja kuiangalia. Mama Émérance alitukana Papa mpaka tukafunga mulango, na mimi nilimuunga mukono. Mwezi wa kumi na mbili Papa akaenda, mu chumba kimoja chenye balipanga, na ni Mama Émérance mwenyewe alipika kuku.

Mu mwezi wa tano 2024 figo zake zilianza kukataa, banganga ba hospitali bakasema tumupeleke Kampala. Mama Mariette, mwenye hoteli kule Beni, mu Bungulu, alikubali kununua tablo zote zenye zilibakia, ile pesa ingetosha safari na dawa, sharti yake ilikuwa moja, kuku itoke mu kontra. Nilileta kontra ku kitanda, nikapiga magoti, badogo bangu balilia. Papa akasema: "Séphora, mule mu hoteli batu banapita tu. Siku sitakuja, nani atajua kama sikukuja?" Hakusaini, na Kampala hatukuenda. Nilikasirika, na ningali na hasira hata sasa, mbele ya sanduku lake. Alifariki hapa Butembo, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025, asubuhi.

Tunashukuru banganga na bauguzi, majirani benye balituletea kuni na maji, bapakaji rangi benzake benye balichora jina lake ku musalaba, na banunuzi benye balikuja kila mutu na kuku yake, mpaka kiwanja kizima kinapiga kelele na Padri anashindwa kusikika. Mwalimu Roger aliniuliza kama, vile mwenye udongo amekufa, mutoto gani atafika kwao mwezi wa kumi na mbili, na badogo bangu bote batatu bakaniangalia mimi.

Basi ni mimi nitakuja, nitaangalia, nitakula, na hasira yangu nitakuja nayo ku meza.

Na mu kila nyumba, Papa, batafungua mulango, bataona ni mimi, hapana wewe. Pumzika kwa amani.