Kinyozi Aliyemwahidi Kila Mtu Kiti Chake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti mkae. Kama kuna chungu motoni, punguzeni moto kidogo, kisije kikaungua halafu lawama zikaletwa huku studioni.

Leo tunamkumbuka kinyozi. Wateja walimwita Mzee Chako Hicho, na hata binti yake alikuwa akijisahau na kumwita hivyohivyo. Alifariki mwezi uliopita, kitandani kwake, akiwa ameula uzee wake vizuri. Alikuwa na duka moja la kunyolea, viti viwili na mtoto mmoja. Mtoto huyo ni binti, naye ni kinyozi. Duka moja, viti viwili, binti mmoja. Shikeni hapo.

Jina lile alijipa mwenyewe kwa mdomo wake, na mdomo wa mzee huyu ulikuwa mtamu kweli. Mtoto akilia kwa kuogopa mashine, mzee aliinama sikioni kwake akamwambia atulie, kwani babu akifa, kiti hiki chako hicho. Mtoto alinyamaza, akaanza kukikagua kiti kama mnunuzi. Bwana harusi alikuja akitetemeka, akaahidiwa kioo kikubwa cha ukutani. Mwalimu mstaafu alisifu jinsi kiti kilivyo laini mgongoni, naye akaambiwa kiti chako hicho. Kiti kilekile cha yule mtoto. Wasikilizaji wapendwa, kiti kimoja kilikuwa na warithi wa kujaza ukumbi. Watu walicheka, wakanyolewa, wakaenda zao, na mzee hakuona ubaya wowote.

Lakini kulikuwa na ahadi moja isiyokuwa mzaha. Alipokuwa kijana akilijenga duka lile, aliyemsaidia ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Mlango aliuchomelea yeye, na madirisha pia. Matofali waliyabeba pamoja mpaka mabega yakachubuka. Siku ya kufungua duka, mbele ya majirani, kinyozi alimshika mdogo wake bega akasema kwa sauti: "Nikifa, duka hili ni lako." Hakuwa anatania. Alikuwa na furaha, alikuwa na shukrani, na binti yake alikuwa bado mchanga mgongoni kwa mama yake. Nani angejua kwamba mama huyo atafariki mapema, na kwamba mtoto huyo atakulia dukani, atajifunza kushika wembe, na mwisho atakichukua kiti cha pili na wateja wake?

Miaka ikaenda. Mdogo mtu kila akipita aliuliza, "Duka langu halijambo?" Kinyozi akajibu, "Halijambo, linakusalimu." Binti alikuwa anafagia nywele, na yote anayasikia.

Kisha ukaja mwaka wa homa. Nyote mnaukumbuka. Mitaa ilinyamaza, watu wakafunika pua na mdomo, na hebu niambieni, utamnyoaje ndevu mtu asiyetaka kufunua uso? Kinyozi na binti yake walishinda dukani wakitazamana. Homa ile ikamchukua fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Hakuacha wosia, kwa sababu alidhani bado yupo yupo sana.

Matanga hayajaisha, ndugu wakafika dukani kwa marehemu. Huyu alisema cherehani alipewa yeye, kwa kauli ya marehemu mwenyewe. Yule akasema kauli hiyohiyo aliisikia, ila aliyetajwa ni yeye. Wakaivuta cherehani huku na huku mpaka mguu mmoja ukang'oka. Mjane alisimama mlangoni amekumbatia mkasi wa mume wake. Mzee Chako Hicho aliyaona yote akiwa mlangoni kwake. Alirudi ndani akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Hivi mimi nimeahidi watu wangapi?" aliuliza.

"Baba," binti yake akamjibu, "heri uulize ni nani hujamwahidi."

Wiki hiyohiyo alimtafuta wakili, mama mmoja ambaye watoto wake walinyolewa pale. Wakili akamweleza taratibu, neno kwa neno. Andika unachomiliki. Andika nani apate nini. Tia saini mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao wasiwe watu wanaorithi. Hapo mzee akashika kichwa. Mteja gani ataitwa shahidi, na kila mteja anajihesabu mrithi? Wakili alicheka, akamwambia mzaha wa kinyozi si urithi. Lakini mzee alikataa katakata. Hakutaka shahidi wa kutia saini huku amevimba mashavu. Ikabidi waombwe wawili ambao hakuwahi kuwaahidi kitu: mwanamke wa duka la taa upande wa pili wa barabara, na muuza magazeti mwenye kipara, aliyekuwa akija pale kupiga soga tu.

Wosia ukaandikwa. Nyumba ni ya binti. Duka na vyote vilivyomo ni vya binti. Wakili aliposoma mpaka mwisho akauliza habari za mdogo wake, maana hata yeye alikuwa amesikia ile salamu ya "duka langu". Mzee akasema ataona mwenyewe siku ikifika, wosia utamweleza.

Wakili akaiweka kalamu mezani. "Mzee, karatasi hii itampa binti yako duka. Kumwomba radhi mdogo wako haiwezi."

Kinyozi alitia saini, lakini maneno yale yalimkaa. Binti yake anatuambia kwamba siku zile baba alinyoa watu kimya, jambo lililowatisha wateja kuliko homa. Alijua akinyamaza, atapumzika yeye. Atakayekuja kusimama mbele ya baba yake mdogo siku ya msiba, na kuitwa mwizi, ni mtoto wake. Hilo ndilo lililomwamsha asubuhi moja, akavaa shati safi, akaenda.

Alimkuta mdogo wake karakanani, anachomelea geti, cheche zinaruka. Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu alikuwa na neno la kumtuliza kila mtoto na kila bwana harusi. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito mdomoni. Alisalimia mara mbili. Akaulizia habari za nyumbani, akazirudia tena. Mwisho akasema tu, bila kuzunguka, kwamba ameandika wosia, na duka amempa binti.

Mdogo mtu akainua kinyago cha kuchomelea.

"Uliniambia mbele ya watu."

"Nilikuambia."

"Mlango ule ni mikono yangu."

"Ni mikono yako. Nilikuahidi, na sasa naivunja ahadi yangu mwenyewe. Mtoto hana kazi nyingine, na wateja wenyewe sasa wanamfuata yeye. Nisamehe, mdogo wangu."

Kinyago kilishushwa, kazi ikaendelea. Mzee alisimama pale mpaka cheche zikafika kwenye viatu vyake, ndipo akaondoka.

Mdogo mtu alinuna, si mchezo. Hakupita dukani. Na kwa kuwa hakuna kinyozi mwingine aliyewahi kumgusa kichwa, nywele zikaota na kuota, mtaa mzima ukajua hawa wawili hawaelewani. Kila mlango ulipofunguliwa, mzee aligeuza shingo, akakuta ni mtu mwingine. Binti alitaka kwenda kumbembeleza baba yake mdogo. Mzee akamzuia. Alisema aliyevunja ahadi ni yeye, basi na kununiwa anuniwe yeye.

Halafu siku moja mchana, pasipo barua wala mjumbe, mdogo mtu akaingia akakaa kitini. Mzee akamfunga kitambaa shingoni.

"Kama kawaida?"

"Kama kawaida."

Binti alikwenda kulia uani, ili wasimwone.

Homa ilipita. Mzee hakuondoka na homa ile, aliishi miaka mingine ya kunyoa na kutania, ingawa kuahidi kiti aliacha kabisa. Mwezi uliopita ndipo alipotutoka. Baada ya mazishi watu walikaa sebuleni, na yaliyotegemewa yakatokea. Mwalimu mstaafu alikohoa, akataja kiti kama anayetania. Kisha binamu mmoja mwenye sauti kubwa akasema asiyejua ahadi ya duka ni nani? Wosia kitu gani, mzee alikuwa mgonjwa, binti ndiye aliyekuwa karibu naye, anaweza kuwa aliandikisha alichotaka. Binti aliinamisha kichwa. Watu wote wakamgeukia baba yake mdogo, maana neno lake moja lingetosha kuuwasha moto.

Akasimama. "Ni kweli niliahidiwa duka," alisema. "Na ni kweli alikuja karakanani kwangu kwa miguu yake, mzima, akaniambia hapana. Nilimsikia mwenyewe, sikuambiwa na mtoto wala na karatasi. Duka ni la huyu."

Akakaa. Binamu naye akatafuta pa kuangalia. Mwalimu, tuwe wakweli, aliinuka akaenda kumpa binti mkono wa pole, na habari za kiti zikaishia hapo.

Jana tulimpigia simu fundi huyu. Tulimuuliza kama bado inamuuma. Akatujibu: "Iliniuma sana. Lakini nilimnunia mtu aliye hai, nikarudi, akaninyoa. Angeniachia karatasi tu, mpaka leo ningekuwa nalinunia kaburi."

Pole sana, binti wa Mzee Chako Hicho. Tunajua leo umefungua duka. Pole, baba mdogo. Poleni majirani, wateja, na nyote mlioahidiwa kile kiti.

Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tusidhani tupo tupo sana. Tuandike wosia tukiwa na akili zetu na nguvu zetu, kwa msaada wa wanaojua sheria. Na kama kuna mtu uliyemwahidi kitu, nawe unajua moyoni kwamba hatakipata, usimwachie karatasi imwambie. Nenda kwake wewe mwenyewe, akununie ungali hai.