Tunda Lililoangukia kwa Odero

Sogeeni, wanangu, mnisikilize kabla pumzi haijaniacha. Nicodemus, weka panga chini niione mikono yako mitupu. Huyo Obura, mwana wa Odero, mliyemfunga kwenye nguzo ya stoo hatoroki, na mimi bado ndiye baba wa nyumba hii. Namalwa, mama, kaza hicho kitambaa tumboni mwangu, usiogope damu.

Ng'ombe wa madoa ni wako, Namalwa, na baisikeli ni ya ndugu yako. Ardhi sina. Hapa Rongai ni kwa Bwana mwenye shamba, sisi ni wa kumlimia tu, naye alitupa vishamba vya pembeni. Changu ni ile mipasheni inayotambaa kwenye waya kati yetu na jirani yetu Odero, na hiyo ndiyo iliyonipasua tumbo.

Mgala muue na haki mpe. Bodi ya matunda ilitupunja, lakini ilitupunja sote sawa. Siku zake pasheni haikuchumwa, iliokotwa. Tulingoja ianguke yenyewe imeiva, na aliyetangulia kuamka, mimi au Odero, akaokota pande zote mbili za waya, kwa maana lori lilikuwa moja na bei moja, na maji ya matunda yakaenda ng'ambo kwa meli. Odero alinitania kwamba Mbukusu haokoti tunda bila kulionja, nami nikamjibu kwamba Mjaluo huokota moja akalisifia mia.

Kisha serikali ikaivunja Bodi, ikasema kila mtu auze apendapo, tukacheza ngoma, na mimi nilicheza kuliko wote. Yakaja malori ya wanunuzi kutoka Nakuru yakifukuzana, na wenye malori wakawanywesha vijana pombe wakafyeke mipasheni ya yeyote aliyemuuzia mwingine. Nani angengoja tunda lianguke? Watu wakachuma mabichi, wakayafunika magunia yapate rangi, na huko ng'ambo wakaonja ule ukali wakayakataa. Soko likafa, na kila tunda likawa la kupigania. Hapo ndipo tulipoanza kuulizana, lililoangukia kwa jirani ni la nani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi tulipogombana, mwenye lori ndiye aliyechukua kapu akavuna.

Jana, Nicodemus, ulimkuta Odero ameinama upande wake akiokota chini ya matawi yetu, ukampasua kichwa kwa mpini wa jembe, mzee aliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Leo Obura akaja na panga kukutafuta. Nilipokuona unageukia shoka nilijua mmoja wenu atalala pale, nikaingia katikati, panga lake likanipata mimi. Bora mimi niliyekwisha kula chumvi nyingi. Sasa unataka kumkata mtu aliyefungwa kamba, na hilo linaniuma kuliko jeraha hili.

Shikeni maneno yangu. Mipasheni yote ya kwenye waya ikatwe mashinani leo, kwa panga hilo hilo, na wewe ndiye utakayeikata. Pandeni mahindi. Askari wakija wapeni kweli yote, hata ile yako, Nicodemus. Mnizike bila matanga makubwa, na Odero akiweza kusimama, yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Tena... mnajua desturi. Nyumba iliyomwaga damu na nyumba iliyomwagiwa hazinywi chombo kimoja, na hapo ndipo kisasi hukaa kikala watoto na wajukuu. Mimi bado ni hai. Nikinywa naye ningali hai, damu hii imekwisha, na atakayemgusa amenigusa mimi. Mfungueni. Mleteni hapa karibu.

Obura, baba, piga magoti. Namalwa, lete maji... nina kiu, koo limekauka... hapana, si mimi. Mpe yeye kwanza. Nicodemus, shika kata wewe, umnyweshe kwa mkono wako.

Mungu awape mvua, awape watoto... awatoe hasira mioyoni. Nimewabariki, wote watatu. Sioni vizuri... Amekunywa?

Basi, nipe.