Msikate Mkia wa Kiluwiluwi

Sogeeni, wanangu, msinifanye nipaze sauti, maana iliyobaki ni ya kupima kwa kijiko, na neno nililo nalo ni la aibu.

Jana nilipozidiwa, binti yangu alileta mlangoni gari tulilobuni pamoja, lile lenye kichwa kipana na mkia mrefu unaochongoka, ambalo mtaa mzima unaliita Kiluwiluwi, nami, fundi mzima, niliyewaapia wateja kwamba hakuna gari la umeme la bei nafuu linalolifikia kwa mwendo mrefu, nikamnong'oneza mama yenu, "Waombe majirani gari lao, watu wa hospitali wasinione humu." Binti yangu alisikia. Akafungua mlango tu. "Ingia, Baba. La jirani halikulazi."

Kweli, ni ule mkia wa kuchekwa ulioninyooshea miguu, tukaenda hospitali kuu na kurudi bila kuchaji. Nililia njia nzima, wala si kwa maumivu. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo nilivyowafundisha; kumbe wa kuuona mbachao haya ni mimi mwenyewe.

Nawe, mwanangu wa kiume, unataka mkia ukatwe, ati gari letu linashika mkia sokoni kwa sababu lina mkia. Nilicheka nawe, na kicheko kile kilikuwa kukubali. Leo nakikana. Upepo usipofungwa vizuri kule nyuma hulivuta gari kama mtoto aliyeng'ang'ania gauni la mama. Ukikata mkia utataka betri kubwa, na betri kubwa ndiyo bei kubwa, na wale walimu na wauza mboga tuliowaahidi gari la bei yao watabaki kwa miguu. Karakana iendeshe wewe, una mdomo wa biashara. Ila kalibu ya bodi, ile inayolipa gari umbo, ni ya dada yako, na hakuna wa kuibadili ila yeye. Msigombane mbele ya mama yenu.

Binti yangu, nisamehe... Usiseme kitu. Nipe mkono.

Nikifa, msikodi gari la fahari. Nilazeni humo humo kwenye Kiluwiluwi, mpite barabara ya sokoni, polepole, madirisha wazi. Watakaocheka wacheke. Wakiuliza amelala nani, waambieni... ni mwenye gari.

Mungu awape mapenzi, wanangu... awafikishe mbali kwa kidogo mlicho nacho... Huo mkia... msi...