Ya Kwanza Inashikwaje?

Kijiwe changu cha kahawa kiko mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, hapa Ifakara. Benchi ni moja, na mimi na birika langu tunakaa katikati. Kushoto mzee Polikarpo, kulia mzee Raimundi. Tangu bata wa Raimundi wavuruge kitalu cha mpunga cha Polikarpo, wazee hawa hawasemeshani. Kila neno linapitia kwangu. Na Jumamosi Agnella wa Polikarpo anaolewa na Beatus wa Raimundi. Nimechoka mimi! Siku hiyo ubishi ulihusu ndoo yangu ya plastiki. Mwalimu Evod wa kemia, tunayemwita Maabara, alisema eti imetokana na gesi.

— Gesi ndiyo ibebe maji? Acha kamba, mwalimu! akasema Hilari Redio, ambaye hajui kunyamaza.

— Gesi ya ethilini. Chembe zake zinazurura, kila moja na hamsini zake. Ukiweka metali, kromiamu kwa mfano, inakamata moja. Nyingine inajipenyeza kati ya metali na ile ya kwanza, halafu nyingine tena. Mnyororo unarefuka mpaka unakuwa plastiki.

— Humo kwenye tangi kuna msimamizi anazipanga foleni, akasema Redio. Nimesikia.

— Anapumua nini humo? akauliza Maabara.

— Wanabadilishana kwa zamu.

Polikarpo akanigeukia.

— Mwambie huyo mtu, gesi inashikana kwa woga. Ikiona chuma inatetemeka.

— Mwambie naye, akasema Raimundi, woga gani wa kudumu miaka mitatu? Ndoo hii ilikuwepo kabla ya ugomvi wa bata.

Nikawaambia, ingawa wote walikuwa wameshasikia.

— Basi ni mapenzi, akasema Redio. Kromiamu ni jike.

Hapo akatokea Balbina, mke wa Polikarpo, ametoka mashineni na gunia la pumba kichwani.

— Mwalimu, hizo zinazofuata nimeelewa. Ya kwanza kabisa inashikwaje, na mnyororo haujakuwepo?

Maabara akavua miwani.

— Kuna viwanda wanatia alumini, inaipa metali kipande cha kuanzia. Ila kromiamu haipewi na mtu. Inaanza yenyewe.

— Inaanzaje?

— Wataalamu wanabishana mpaka leo, mama. Hawajui.

— Hata Wazungu?

— Hata hao.

Balbina akawatazama wazee, huyu kisha yule.

— Na Jumamosi ni keshokutwa, akasema, akaenda zake.

Raimundi akaninyooshea kikombe. Nikainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Nikafungua mdomo nimwambie.

— Imeisha, Raimundi, akasema Polikarpo.

Birika likabaki hewani.

— Naona, akajibu Raimundi. Akakitazama kikombe. Wale bata tutawachinja Jumamosi.

— Wote?

— Wote.

Nikaenda kuosha vikombe.